Kalamu na Karamu

Nilizaliwa Butiama, katika nyumba ya Kizanaki, na mpaka nilipoingia shule sikupata kujua kuwa ulimi wangu una upungufu. Lugha yetu haina l. Inayo r, nayo hututosha: Nyerere, Burito, Kambarage; majina yetu yenyewe yameijaa.

Taabu ilianza siku ya imla, mjini Musoma. Mwalimu alisoma, "Baba alinunua kalamu." Nikaandika karamu. Kazi yangu ikasomwa mbele ya darasa, na watoto wa Kijita, ambao lugha yao inayo l, wakacheka hata kengele ikagongwa. Kicheko hakikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba masikio yangu hayakusikia tofauti yoyote. Mtu atasahihishaje asichokisikia?

Aliyenifundisha alikuwa mmoja wa wale waliocheka. Tulipokuwa tukiteka maji ziwani aliniambia nibandike ncha ya ulimi kwenye ufizi wa juu, nisiiondoe, pumzi ipite pembeni. Hiyo ndiyo l. Kisha ncha ipigepige ufizi na kuachia, hiyo r. Nikafanya hivyo jioni baada ya jioni, nikinena peke yangu njiani kama mwendawazimu: mahali, mahari, mahali, mahari. Masikio ndiyo yaliyotangulia kufunguka. Ulimi ukafuata baada ya majuma mengi.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Wahispania wana r mbili: pero ni "lakini", na perro, yenye kutetemesha ulimi kwa nguvu, ni "mbwa". Wageni wengi hutoka jasho kwa hiyo ya pili. Nilifarijika mno.

Nilipofundisha Bunda sikumcheka mtoto yeyote kwa sababu hiyo. Niliwakumbusha kuwa aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alizaliwa Butiama mwaka 1922 na kulelewa kwa Kizanaki. Tena niliwasimulia habari za bibi yangu.

Ilikuwa siku ya uchaguzi wa mwaka 1975. Bibi alirudi kutoka kituoni, akiwa amekwisha chagua baina ya jembe na nyumba. Mimi, niliyejaa l yangu mpya, nikamwamkia kwa adabu na kumwuliza, "Bibi, umepiga kula?"

Akanitazama kwa huruma.

"Kura, mjukuu wangu," akasema. "Kura."