Kipimo kimoja, majibu mawili

Leo tuache intaneti na simu, tuingie chini ya ardhi ya Kaskazini Mashariki.

Bonde la Anza ni bonde la kale lililojaa mchanga na tope, kutoka upande wa Turkana kuelekea Garissa. CNOOC ya China ilichimba kisima cha Bogal-1 humo mwaka 2009 hadi 2010, zaidi ya mita 5,000. Mwaka 2014 Africa Oil ilikuta gesi katika Sala-1, lakini Sala-2, kisima cha jirani, hakikuleta gesi ya maana.

Gesi haikai pangoni. Hukaa kwenye vitundu vidogo kati ya chembe za mchanga. Je, mwamba una vitundu kiasi gani? Kisimani hushushwa kifaa cha kupima densiti, kisha hesabu ni hii:

vitundu = (2.65 - densiti ya mwamba) / (2.65 - densiti ya kilichomo)

2.65 ni densiti ya chembe za mchanga. Tuseme kifaa kimesoma 2.32. Ukidhani ndani kuna maji (1.0), unapata asilimia 20. Ukidhani kuna gesi ya densiti 0.3, unapata asilimia 14. Kifaa hakijabadilisha neno, ni wewe uliyebadilisha dhana.

Mbali na kisima hakuna kifaa cha kushusha. Hapo ardhi hutikiswa kutoka juu na mwangwi wake kurekodiwa. Programu hujifunza kwenye visima uhusiano wa mwangwi na vitundu, halafu hukadiria eneo lote lililobaki. Na mtego uko hapa: kisima kimoja hutoa maelfu ya mistari ya data, ukadhani una data tele. Kumbe mistari hiyo ni majirani wa shimo moja, inafanana kama mapacha. Ukificha mistari michache ili kujaribu programu, itafaulu kwa kunakili jirani. Mimi nasema ficha kisima kizima. Kwenye Anza, visima ni vichache na viko mbalimbali, kwa hiyo hilo ndilo jaribio la haki.

Tena si habari ya gesi peke yake. Kambi za Dadaab, zilizoanza mwaka 1991, zinakunywa maji ya visima yatokayo kwenye hazina ya Merti, na humo pia maji hukaa vitunduni. Mfinyanzi una vitundu vingi lakini hauachii maji kirahisi. Programu inayohesabu vitundu vyote sawa itaahidi maji ambayo pampu haitayatoa.

Kwa hiyo, wadau, programu ikiandika asilimia 17.43, msiipigie makofi bado. Iandike "kati ya 14 na 20", na dhana zake ziwe pembeni. Anayelipia kisima, awe kampuni au kijiji, ana haki ya kuziona kabla mtambo haujaanza kuchimba.