Sauti ya Bibi na Sikio la London

Mwana Kupona, katika utenzi aliomtungia bintiye mwaka 1858, huanza kwa kumwita mwana asogee karibu. Ukaribu huo ndio unaotafutwa na bibi mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, ambaye kila Ijumaa humghania mjukuu wake aliyeko London utenzi huo huo kwa simu ya video. Maneno yamo vitabuni. Mahadhi ya nyumba yao hayamo. Akinyamaza bibi, yamekwisha.

Mwanzoni mjukuu alipokea mahadhi yaliyokatika. Kila bibi alipoivuta irabu ya kina, sauti ilififia kama taa iliyokwisha mafuta. Programu za simu hizi huchuja kelele, na sauti ndefu isiyobadilika huidhania mvumo wa feni. Dawa ni kuuzima mchujo huo pale programu inaporuhusu. Zoom, kwa mfano, ina nafasi ya kupeleka sauti kama ilivyo, iliyowekwa kwa ajili ya wanamuziki. Mchujo ukizimwa, na feni nayo izimwe, na joto la Kaskazi halina huruma.

Kisha kuna chumba. Kuta za mawe na chokaa hurudisha sauti, na maikrofoni ya kompyuta iliyo mbali huzisikia kuta sawa na inavyomsikia bibi. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti itokayo kinywani hubaki robo, ilhali mwangwi wa chumba haupungui kitu. Basi maikrofoni na iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi za p na b zisiipige. Na iwe ya kusikiliza upande mmoja, kisogo chake kikielekea dirishani. Ile ndogo ya kubana nguoni, ikiwekwa vyema, huishinda ya ghali iliyoachwa mwisho wa meza.

Spika za wazi hazifai kughania. Huirudisha sauti ya London katika maikrofoni, programu ikahangaika kuzuia mwangwi, na “Naam, bibi” moja tu ikameza nusu ya mshororo. Bora hedifoni za waya, sikio moja likiachwa wazi ili mghani ajisikie mwenyewe. Zile za Bluetooth, maikrofoni yake inapotumika, nyingi hushusha ubora wa sauti. Za zamani hazipitishi kitu juu ya hezi 4,000, nako ndiko iliko sehemu kubwa ya nguvu ya s na f. Mwenye kuandika imla hawezi kukisia kati ya “sisi” na “fisi”.

Kuitikia kwa pamoja kumeshindikana. Sauti huchelewa njiani, na hakuna kifaa cha dukani kiwezacho kuuondoa ucheleweshaji huo. Mjukuu hungoja ubeti uishe, akaurudia peke yake, bibi akasahihisha. Wamefika ubeti wa 40, katika beti 102.