Tovuti Ikizimika, Twamwuliza Nani?



Mtu wa Mpanda akiharibikiwa na baiskeli humwendea fundi, wakasemezana uso kwa uso, akajua ni lini atapanda tena. Ama tovuti, fundi wake yu mbali, na pengine hata jawabu hatoi.

Kikundi chetu cha wafuga nyuki hupata asali yake upande wa Inyonga, nacho kina tovuti ambamo wanunuzi wa Mwanza na Dar es Salaam hutazama bei na kuagiza. Mwaka 2025, katika msimu wa kurina, tovuti ilizimika. Kila aliyeifungua aliona ukurasa mweupe wenye tarakimu 500. Mimi ndiye mwandishi wa barua za kikundi, basi nikaiandikia kampuni iliyokuwa ikitutunzia. Mashine ikajibu kwamba ombi limepokelewa. Zikapita siku 9 bila neno jingine, na simu haikupokewa. Mnunuzi wetu mmoja alidhani kikundi kimekufa, akanunua kwingine.

Yafaa sana kuzifahamu tarakimu hizi, maana ndizo zinazotuonyesha penye kosa. Ukiona 404, seva imejibu, lakini ukurasa ulioutaka haupo hapo. Huenda anwani imeandikwa vibaya au ukurasa umeondolewa. Ukiona 500, kosa limo ndani ya seva yenyewe, wala kubadili simu hakusaidii. Ukiona 503, seva imeelemewa au imefungwa kwa matengenezo. Walakini tovuti zote zikigoma kwa pamoja, huenda ni njia iliyokatika, kama tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki.

Kwetu tovuti nyingine zilifunguka vyema, basi njia ilikuwa nzima. Nikaandika tena, nikataja siku, saa, tarakimu iliyoonekana na namba ya ombi la kwanza, nikaambatisha picha ya kioo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tena barua kama hizi ndizo ushahidi, maana mteja asiyeridhika na mtoa huduma za mawasiliano mwenye leseni ya nchi hii aweza kupeleka lalamiko lake TCRA, ila sharti alipeleke kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe.

Kilichotuokoa ni mambo mawili. Jina la tovuti lilisajiliwa kwa jina la kikundi, si la kampuni. Na kijana wetu mmoja alikuwa akitoa nakala ya kurasa zote kila Ijumaa, akaiweka katika flashi. Jina ni kama kibao cha njiani, na seva ni nyumba: mwenye kibao aweza kukielekeza penye nyumba nyingine. Tukapanga kwa kampuni nyingine, tukapandisha nakala, tukaligeuza jina. Siku ya pili bei za asali zikaonekana tena.

Enyi wenye maduka, shule na vikundi, ulizeni leo, wakati tovuti zenu zi hai: jina limesajiliwa kwa nani? Nenosiri analo nani? Nakala ya mwisho ilitolewa lini? Mitambo huharibika kila mahali, na hatuwalaumu watu kwa hilo. Lakini aliyepokea fedha ya kutunza mali ya mwenzake anadaiwa walau jawabu.