Usiizibe programu mdomo

Hapa Sindo, kando ya Ziwa Victoria, huwa nawasaidia vijana wachache wanaojifunza Python. Kinachowasumbua zaidi ni eksepsheni, yaani ule ukelele ambao programu hupiga inapokutana na jambo isiloliweza, kisha ikasimama.

Kijana mmoja aliandika programu ndogo ya hesabu za mbuta wanaopimwa ufuoni. Karani anaingiza kilo, programu inazidisha kwa bei. Kwenye majaribio karani akaandika 12,5 kwa mkato badala ya nukta. Python ikagoma: ValueError. Kijana akaona aibu, akaweka hivi:

try:
    kilo = float(maandishi)
except:
    kilo = 0

Haikugoma tena. Ila mvuvi mwenye kilo 12.5 ameandikiwa sifuri, na hakuna atakayejua mpaka jioni atakapofuata pesa zake. Mimi nasema heri programu inayosimama kuliko inayodanganya. Tena hiyo "except" tupu inameza kila kitu: hata ukikosea herufi ukaandika "maandshi", utapata sifuri vilevile!

Tulibadilisha. Kwanza ikawa "except ValueError", basi, na badala ya sifuri karani anaombwa aandike upya. Halafu kuna kilo ambazo Python inazikubali lakini ufuo hauzikubali, kama -5. Hapo ni sisi tunaopiga ukelele:

if kilo <= 0:
    raise ValueError("Kilo lazima zizidi sifuri")

Wengi huuliza, uudake wapi? Pale penye uwezo wa kufanya jambo. Sehemu inayozidisha kilo kwa bei haimjui karani, kwa hiyo iache ipige kelele; sehemu inayozungumza na karani ndiyo ipokee.

Asipokuwepo wa kupokea? Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliharibika sekunde kama 40 tu baada ya kuanza safari yake ya kwanza. Namba ya biti 64 ilikuwa ikigeuzwa kuwa ya biti 16, haikuenea, eksepsheni ikatoka na hapakuwa na wa kuidaka. Kompyuta ya uelekezaji ikajizima. Ile ya akiba ilikuwa imeshajizima kwa sababu hiyohiyo, maana zilibeba programu moja.

Bado kuna "finally", ya kufunga faili hata mambo yakiharibika. Hiyo nitaiandikia siku nyingine, stima ikiwepo.