Kildare, mahali vijana wajifunzapo kazi ya farasi

Katika nchi yetu ya Kongo ni wachache waliopata kumgusa farasi kwa mkono wao. Sababu yake si uvivu wetu. Katika mabonde na misitu yetu yuko mbung'o, na ugonjwa auletao humwua farasi upesi. Tena uko ugonjwa mwingine wa farasi wa Afrika, uletwao na visubi wadogo sana. Hivyo farasi kwetu amebaki mnyama wa picha na wa Maandiko Matakatifu. Lakini ziko nchi ambamo jamaa nyingi zapata riziki kwa farasi wa mashindano, na vijana wavuka bahari kwenda kujifunza kazi hiyo, kama wengine waendavyo kujifunza uganga au ufundi wa mitambo. Leo twapenda kuwaongoza mpaka mji mmoja wa namna hiyo, Kildare katika nchi ya Irlandi.

Mji huo uko kilometa 50 hivi kusini-magharibi ya Dublin. Jina lake maana yake ni kanisa la mwaloni, kwa kuwa Mtakatifu Brigita alijenga monasteri yake pale penye mti huo, na kisima chake waumini hukiendea hata leo. Wazee husimulia kwamba Brigita alimwomba mfalme ardhi, naye kwa dhihaka akamwambia achukue kiasi ambacho joho lake laweza kufunika. Akalitandaza, nalo likaenea mpaka likafunika uwanda wote wa Curragh. Hekaya hiyo kila mtu aipokee apendavyo. Uwanda wenyewe upo, kama hektari 2,000 za majani mafupi, kondoo wakila, na kabla ya jua kupanda farasi wa mbio wakipita mstari mrefu mmoja nyuma ya mwingine, pumzi zao zikitoka kama moshi. Mbio kubwa za Irlandi ziitwazo Derby zakimbiwa hapo tangu mwaka 1866.

Farasi hao ni wa ukoo uitwao wa damu safi. Popote walipo duniani, kwa upande wa baba wote watoka katika madume watatu tu, walioletwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki tangu mwisho wa karne ya 17. Mmoja alinunuliwa Aleppo, katika Siria, mwaka 1704. Nasaba zao zaandikwa kitabuni tangu mwaka 1791, na farasi asiyeandikwa humo hana nafasi katika mashindano yao.

Tulikaa zaidi Tully, kando ya mji, kwenye shamba la taifa la kuzalisha farasi. Mwaka 1900 shamba hilo lilinunuliwa na tajiri mmoja wa Uingereza, William Hall Walker. Mtu huyu aliamini nyota kupita kiasi. Kila mtoto wa farasi alipozaliwa alitazamiwa nyota zake, na zilipokuwa mbaya aliuzwa. Mapaa ya mabanda ya madume yalitobolewa, yakawekwa vioo, ili mwanga wa mwezi uwaangukie wanyama. Mwaka 1909 farasi Minoru, aliyezaliwa hapo, alishinda Derby ya Uingereza chini ya jina la Mfalme Edward VII, na bila shaka mwenye shamba alizisifu nyota zake. Sisi twazisifu zaidi nyasi na maji. Maji ya Tully yana chokaa nyingi, na chokaa hujenga mifupa. Mwaka 1915 Hall Walker alilitoa shamba kwa serikali ya Uingereza. Katika mwaka 1943 likarudi mikononi mwa Wairlandi.

Wanafunzi wa Tully hutoka nchi nyingi, nao hufika mwezi wa kwanza, wakati wa baridi kali. Kwa nini wasingoje jua? Hapa pana jambo la kushangaza. Kwa sheria ya mashindano, kila farasi wa damu safi aliyezaliwa upande wa kaskazini wa dunia hutimiza mwaka siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza, hata kama alizaliwa lini. Aliyezaliwa tarehe 31 ya mwezi wa 12, kesho yake ahesabiwa kuwa wa mwaka mmoja! Atakapopelekwa mbioni angali mdogo, atashindana na wenzake waliomtangulia kuzaliwa kwa miezi kumi na moja. Basi kila mfugaji ataka watoto wazaliwe mapema iwezekanavyo baada ya mwaka mpya. Lakini mimba ya farasi ni miezi kumi na moja, na jike kwa maumbile yake hamtaki dume mpaka siku zianze kuwa ndefu. Wafugaji wafanyaje? Tangu mwezi wa 12 huwasha taa mabandani, hata mwanga wa mchana na wa taa ukijumlishwa ufikie saa 16. Jike adhani majira ya joto yamekaribia, na mwili wake hujiandaa. Sisi tukaao karibu na ikweta, ambao mchana wetu na usiku wetu hulingana mwaka mzima, si rahisi kufahamu jinsi mnyama aweza kudanganywa na taa.

Majike wengi huzaa usiku. Kwa hiyo mwanafunzi hukesha, akizunguka mabanda na taa mkononi, akitazama jasho na kiwele. Hufundishwa kuhesabu saa: mtoto asimame kabla saa moja haijapita, anyonye kabla ya saa mbili, na kondo la nyuma litoke kabla ya saa tatu. Likikawia, mganga wa wanyama aitwe mara moja, kwa maana jike aweza kufa. Maziwa ya kwanza ndiyo ngao ya mtoto. Akiyakosa katika saa zake za kwanza, magonjwa humkuta bila kinga. Tena kijana hufundishwa kwamba mnyama wa thamani kubwa mno amewekwa mikononi mwake, naye kesho atafagia mavi ya yule yule. Anayeona haya kushika ufagio hafai.

Katika mji wenyewe ipo shule nyingine, iliyoanzishwa mwaka 1973, ya kuwafundisha vijana kupanda farasi wa mbio. Johnny Murtagh alipita huko. Mwaka 2000, akiwa juu ya Sinndar, alishinda Derby ya Uingereza, ya Irlandi na mbio kubwa za Arc huko Paris. Mpandaji mwanafunzi hupewa msaada: farasi wake hupunguziwa kilo chache za mzigo, na kadiri azidishavyo ushindi, msaada huo hupungua mpaka uishe. Wasichana wamo pia, na tangu Rachael Blackmore, Mwirlandi, alipokuwa mwanamke wa kwanza kushinda Grand National mwaka 2021, hakuna awezaye kuwacheka.

Lakini yatupasa kusema na yaliyo machungu. Kijana wa miaka 16 aweza kuwa mwepesi, na kufikia 18 mifupa yake ikakataa. Hapo mlango wa upandaji hufungwa, hata kama ana moyo wa simba. Wengine hujinyima chakula na kujitoa jasho ili mizani iwakubali, jambo ambalo twaliona baya. Katika mashindano gari la wagonjwa hufuata nyuma ya farasi tangu mwanzo hadi mwisho, wala halifuati kwa mapambo. Wengi wa waanzao na ndoto ya kuwa wapandaji huishia kuwa masaisi, kazi ya heshima, ila ni ya alfajiri, ya mvua, na ya mshahara usiotajirisha. Na pembeni ya uwanja wako wacheza kamari, ambao watoto wao nyumbani hulala bila kula. Mzazi ambaye mtoto wake aambiwa habari za ng'ambo na fedha nyingi na aulize kwanza: ni kazi gani hasa, ni nani alipaye safari, na mkataba umeandikwa kwa jina la nani?

Uko pia mpango mmoja wa miaka miwili, ulioanzishwa mwaka 2003 na Sheikh Mohammed wa Dubai, kwa wale watakao kuongoza mashamba na biashara ya farasi. Huchagua watu 12 kwa mwaka, nao huzunguka Irlandi, Uingereza, Amerika, Australia na Dubai bila kulipa ada. Wanaoomba ni wengi kupita nafasi, na Kiingereza ni lazima.

Kwa atakaye kwanza kuwaona farasi hao kwa macho yake, safari si ndefu hivyo. Wakenya huwazalisha katika nchi yao ya juu penye baridi, na huko Nairobi upo uwanja wa Ngong, ambapo farasi wa damu safi washindana tangu mwaka 1954. Afike mapema, kabla ya mbio, asimame mahali masaisi wawatembezapo farasi duara kwa duara, wamewashika hatamu.