Deni Lililokua Ndani ya Kufuli

Marehemu baba alituachia duka la vifaa vya uvuvi hapa Ngamiani, Tanga, lililosajiliwa kuwa kampuni ya familia. Alipofariki tulilifunga. Mama akakaa eda, nasi ndugu tukashughulika na mirathi. Ritani ya mapato hatukuikumbuka; tulidhani duka lisilouza halidaiwi kitu.

Kumbe sheria haitazami kufuli. Kampuni ambayo hesabu zake huishia Desemba 31 hutakiwa kuwasilisha ritani kabla ya Juni kwisha, ijapokuwa haikupata faida. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, kila mwezi wa kuchelewa, hata sehemu yake, huhesabiwa adhabu, na ya kampuni huwa nzito kuliko ya mtu binafsi.

Tulizinduka baada ya miezi kumi na moja. Akiba ya kampuni ililipa adhabu kwanza, tukagawana kilichobaki. Thumuni ya Mama ikapungua kwa uzembe wetu. Hakutulaumu, aliuliza tu: "Wanangu, hapakuwa na hata mmoja mwenye kalamu?"

Swali hilo lilituchoma. Tulikubaliana kumfidia kutoka mafungu yetu, kwani kosa halikuwa lake.

Ndugu wasomaji, msiba ukiwafika, mteueni mmoja wenu ashike daftari la kodi, na muda ukiwa mfinyu aombe kuongezewa kabla haujapita. Kumlilia marehemu ni huruma. Kulinda haki za warithi wake ni amana.