AI Haijawahi Kunusa Mtungi wa Maziwa

Wasee, leo nawapa stori ya aibu yangu. Mkicheka, chekeni, lakini someni hadi chini.

Juzi mfanyabiashara mmoja hapa Garissa alinipigia simu. Anauza maziwa ya ngamia, amefungua duka lenye friji, na alitaka video ya dakika moja ya TikTok. Tukaelewana Sh12,000. Najua kuna watu Nairobi hawawezi kuwasha kamera kwa hiyo pesa. Kwangu mimi hiyo ni kodi ya nyumba na kitu kidogo cha kumpelekea hooyo. Akaniambia, "Niletee wazo kwanza. Nikilipenda, nakupa nusu."

Nikafanya ile kitu sote tunafanya siku hizi. Nikalala kitandani, feni ikinipulizia hewa moto, nikafungua AI kwa simu nikaandika: nipe mawazo kumi ya tangazo la maziwa ya ngamia, Garissa. Sijamaliza hata kukuna kichwa, kumi zimefika. Ya kwanza ilikuwa na jina tayari: "Dhahabu Nyeupe ya Jangwani". Ngamia wanapita, jua linazama nyuma yao, mama anamimina maziwa polepole, mtoto anakunywa anatabasamu. Wallahi niliona ni moto. Nikabadilisha maneno mawili matatu ndio ikae yangu, kesho yake nikaenda nayo dukani kifua mbele.

Mteja akasoma. Akanyamaza. Akachukua simu yake, akafungua WhatsApp, akanionyesha. Kuna kijana mwingine wa hapa hapa mjini alikuwa amemtumia wazo lake siku iliyotangulia. Dhahabu Nyeupe ya Jangwani. Jua linazama. Mtoto anatabasamu.

"Nyinyi wawili mnafanya kazi pamoja?"

Hatujuani hata kwa sura. Yeye pia alikuwa amelala kitandani kwake tu, na feni yake.

Acha niwaambie kwa nini iliniuma hivyo. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa shida, lakini nisiwadanganye, karo haikuwa sababu yote. Niliamini kichwa changu kinatosha. Nilimwambia hooyo, mimi nina mawazo, nitaishi kwa mawazo yangu. Yeye alilia. Abti wangu, ambaye alikuwa tayari kuuza ngamia anisomeshe, alicheka tu, akasema hata mbuzi ana mawazo. Mpaka leo tukikutana harusini ananiita mbele ya watu: "Warya, mawazo yanaendeleaje?" Sasa nimesimama kwa lile duka, nikajiuliza swali ambalo sikutaka kujiuliza. Kama kitu pekee nilichotoka nacho chuo ni mawazo, na hayo mawazo yenyewe nayaokota kwa simu pamoja na kila mtu mwingine, basi Abti alikuwa sawa.

Mteja alikuwa muungwana. Akanipa siku mbili.

Usiku ule nilisoma sana, hasira ina faida zake. Nikakutana na utafiti wa Anil Doshi na Oliver Hauser uliotoka mwaka 2024 kwa jarida la Science Advances. Walichukua watu karibu 300 wakawaambia waandike hadithi fupi. Wengine waliandika peke yao, wengine walipewa mawazo ya AI ya kuanzia. Wasomaji walipopima, hadithi zilizosaidiwa na AI zilionekana bora, na waliosaidika zaidi ni wale ambao ubunifu wao ulikuwa chini. Hapo nikubali, hata mimi iliniinua. Lakini walipozilinganisha zote pamoja, hadithi zilizosaidiwa zilifanana zaidi kuliko zile za watu waliojikuna vichwa wenyewe. Yaani kila mtu akiwa kwake chumbani anajiona amepanda, kumbe wote mmepanda ngazi moja mkafika dirisha moja. Mimi sikuhitaji maabara kuamini hilo. Nilikuwa nimeliona kwa WhatsApp ya mtu.

Na kwetu huku ni mbaya zaidi. AI imelishwa kilichoandikwa. Sasa, nani ameandika kuhusu Garissa, na alikuja lini? Wengi walikuja kukiwa na msiba. Walikuja Aprili 2015, wakati watu 148 waliuawa chuoni hapa, wengi wao wanafunzi wa umri kama wangu wa sasa. Hao waandikwe na wasisahaulike. Walikuja wakati wa ukame ulioanza 2020, mvua ikakosekana msimu baada ya msimu hadi mizoga ikajaa kando ya barabara. Wakarudi mwisho wa 2023 Mto Tana ulipofurika. Katikati wanapita kwenda kambi za Dadaab. Ndiyo maana ukiiuliza mashine mawazo ya Garissa inakupa jangwa, kiu, matumaini na jua linazama. Haidanganyi. Inakurudishia faili iliyopewa.

Mambo mengine hayamo kwa faili. Kisomali kilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972. Ayeeyo wangu alizaliwa kabla ya hapo. Ngamia anawajua kuliko ninavyoijua simu yangu, na yote anayojua yako kichwani mwake. Hajawahi kuposti kitu.

Basi siku ya kwanza niliita maboi, tukakaa kwa shaah tukabangue bongo. Nisiwape picha tamu, mawazo yao yalikuwa ya ovyo. Mmoja alitaka nivae suti nimkamue ngamia. Mwingine alitaka ngamia avae miwani. Tulicheka mpaka mwenye kibanda akatuuliza kama tutaagiza kitu kingine ama tutaondoka. Hatukupata kitu, pesa ya chai nikalipa mimi.

Siku ya pili nikaenda Soko Mugdi. Mugdi kwa Kisomali ni giza, lakini saa tano asubuhi kule ni jua kali na kelele. Maziwa yalikuwa yanashushwa kutoka kwa magari ya mashambani, mitungi ya njano imerundikana, yote sura moja. Nilikuwa nimesimama tu, simu mfukoni, sijui hata nimekuja kufanya nini. Eeddo mmoja akachukua mtungi, akafungua kifuniko, akaweka pua, akaurudisha chini kwa nguvu.

"Huu si wangu."

Nikamuuliza amejuaje. Alinitazama kama mtu ambaye ameuliza maji yanalowesha vipi. Akasema mitungi hufukizwa moshi kabla ya kutiwa maziwa, ndio yakae bila kuharibika, na kila boma lina mti wake wa kufukizia na mkono wake. Yule anayemletea yeye anachoma vijiti vya aina fulani na hapunguzi. Huu mwingine, akasema, umefukizwa na mtu mvivu.

Mwenye mtungi alikuwa hapo karibu. Akasikia.

Wee! Dakika mbili baadaye kina mama kama wanane walikuwa wanabishana, kila mmoja anaapa anaweza kutambua mtungi wake hata akifungwa macho. Mmoja akajifunika uso kwa shungi yake mwenyewe, akasema leteni. Wakamletea mitungi mitatu. Akapata. Wa pili akajaribu, akakosa, akakataa kuwa amekosa. Mimi nimesimama pale nywele zimenisimama.

Hilo ndilo wazo nililompelekea mteja. Kina mama, macho yamefungwa, mitungi inayofanana, pua tu. Hakuna jangwa, hakuna jua kuzama. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema kitu ambacho bado nakitafuna: "Mimi nimekulia kwa haya maziwa, nilidhani hii kila mtu anajua." Kitu ambacho kila mtu wa hapa anajua, nani angekiandika? Na kisipoandikwa, mashine itakitoa wapi? Pia AI inataka uje na swali. Mimi sikuwa na swali lolote kuhusu moshi. Niliupata kwa sababu mtu alikasirikia mtungi mbele yangu.

Tukarekodi. Wengine hawakutaka sura zao zionekane, na hiyo ni haki yao, kwa hivyo video karibu yote ni mikono, mitungi na sauti za ubishi. Haikuwa viral, msinipongeze bure. Lakini mtu mmoja yuko Minneapolis aliandika kwa comments kwamba ameona ule mtungi akasikia harufu ya nyumba ya ayeeyo wake. Mteja akamalizia pesa yangu siku hiyo hiyo.

Bado natumia AI, nisijifanye mtakatifu. Inanipigia hesabu za bajeti, inaninyoosha Kiingereza cha kuandikia wateja wa mbali. Kisomali chake bado ni kama cha mtalii. Mawazo ndiyo siiombi tena kwanza. Nikishakuwa na langu, naiambia ilikosoe, na huwa inaona matundu ambayo mimi sijaona.

Kuna jambo moja lilinikwama lakini. Lile wazo halikuwa langu pia. Lilikuwa la Eeddo. Na hii AI imejengwa kwa maneno ya watu wengi ambao hawakuulizwa. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba Wakenya walioajiriwa Nairobi kusoma maandishi machafu ili ChatGPT isiyatapike walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Nikaona kama ninalalamika kuhusu hao, nisiwe mimi wa kuchota kichwa cha mama wa soko nikatembea.

Nikamtumia Sh1,000 kwa M-Pesa. Hazikupita dakika tano akapiga.

"Hii pesa ni ya nini?"

"Ya wazo, Eeddo."

"Wazo gani? Mimi nilikuwa natafuta mtungi wangu."

Akasema anaihesabu kama malipo ya maziwa, nipitie Alhamisi, na nisije na chupa ya plastiki ya soda.